Mafuta ya Julai na Kengele ya Daitherimi

Baridi ya Mbeya ikishika Juni na Julai, mimi fundi wa vifaa tiba huanza kusikia mlio mmoja mara nyingi kuliko wa simu yangu. Ni kengele ya daitherimi, ile mashine ambayo daktari huitumia kukata nyama na kuzuia damu kwa umeme. Asubuhi moja niliitwa thieta kwa sababu yake. Mashine imegoma, waya ni mzima, pleti (bamba la kunata linalorudisha umeme kwenye mashine) iko pajani, mgonjwa keshapewa usingizi. Nikagusa ukingo wa pleti kwa kidole, ukainuka kama lebo kwenye chupa iliyolowa. Paja zima lilikuwa limepakwa mafuta ya mgando ya kutosha kukinga ngozi mpaka Agosti. Muuguzi akalisafisha, akalikausha vizuri, akabandika pleti mpya, maana iliyokwisha kubanduka hairudishwi. Kengele ikanyamaza.

Mashine haikuwa mbovu. Ilikuwa imepima, na vipimo vyake vilikuwa sahihi.

Kinachopimwa huitwa impidansi. Ni ugumu wote ambao umeme wa kwenda na kurudi hukutana nao njiani. Ukigawanya volti kwa ampea unapata jibu lake kwa omu. Inafanana na ukinzani tuliousoma sekondari, ila mwilini kuna jambo la ziada: utando wa kila seli hufanya kazi kama kapasita ndogo, yaani kihifadhi chaji kinachozuia umeme wa mizunguko michache na kupitisha wa mizunguko mingi. Umeme wa mizunguko michache huizunguka seli, wa mizunguko mingi huipenya. Umeme wa ukutani una mizunguko 50 kwa sekunde. Wa daitherimi nyingi ni kati ya 300,000 na 500,000. Kuanzia mizunguko 100,000 hivi neva na misuli haviwahi kushtuka, ndiyo maana mgonjwa hapigwi shoti. Nyama hupata joto tu.

Umeme huo huingia kwenye ncha nyembamba ya kalamu ya daktari na kutoka kwenye pleti pana. Upana ndio usalama wenyewe. Pleti ikishika kwa ukingo mmoja tu, umeme wote hujibana hapo na ngozi ikaungua huku mgonjwa akiwa usingizini. Kwa hiyo pleti nyingi za siku hizi zina vipande viwili, na mashine hupitisha mkondo mdogo kati yake kuuliza: mmeshika? Mashine nyingi huridhika jibu likiwa kati ya omu 5 na 135. Likizidi hapo, au likipanda sana kuliko lilivyoanza, hukata umeme. Kigezo cha kimataifa kinataka pleti ikipitisha ampea 0.7 kwa sekunde 60, joto la ngozi lisipande zaidi ya nyuzi 6.

Upande wa pili, kwenye ncha, habari ni tamu zaidi. Nyama ikianza kupata joto, chumvi ndani ya maji yake hutembea kwa wepesi, hivyo impidansi hushuka kwanza, kama asilimia 2 kwa kila nyuzi moja. Kisha maji yanachemka, mvuke unatoka, nyama inakauka, na impidansi inaruka juu ghafla. Mashine za kuziba mishipa ya damu husubiri mruko huo ndipo zikate umeme. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Wageni kutoka Dar es Salaam hulijua hilo kwa maharage yanavyochelewa kuiva. Mashine inayofuata impidansi haina haja ya kuambiwa iko mlimani. Inasoma nyama yenyewe.

Au ndivyo tunavyopenda kuamini. Kwa kweli inasoma njia nzima: kebo, viungio, ngozi, halafu nyama. Kebo mbili zikilala sambamba huwa kapasita bila kuombwa. Chukua pikofaradi 100 tu (pikofaradi ni kipimo cha ukubwa wa kapasita): kwa kilohezi 400, yaani mizunguko 400,000 kwa sekunde, hiyo ni njia ya pembeni ya omu 4,000 hivi. Nyama mbichi ya omu 100 haitahisi chochote. Lakini nyama hiyohiyo ikikauka na kufika omu 4,000, mashine isiyosahihisha kosa la kebo itasoma kama 2,800. Yaani kosa hujificha mwanzoni na kutokea mwishoni, pale daktari anapotaka kujua kama mshipa umeziba. Ndiyo sababu nagomba nikikuta kebo iliyozidi imeviringwa kwenye koleo la chuma ili isianguke.

Muda nao hudanganya. Mzunguko mmoja wa kilohezi 400 ni mikrosekunde 2.5. Sakiti ya kupima mkondo ikichelewa nyuma ya ile ya volti kwa sehemu moja ya kumi ya mikrosekunde, tayari umekosea digrii zaidi ya 14 kati ya mawimbi hayo mawili, ukihesabu mzunguko mzima kuwa digrii 360.

Mimi mwenyewe niliwahi kuaibika. Nilitaka kukagua mashine, nikanunua soko la Mwanjelwa kinzani (kipande cha kuzuia umeme) kubwa ya waya wa kuviringwa, omu 200. Mita ya kawaida ikasema 200 barabara. Kwenye daitherimi ikaonekana kama 235, nikaanza kuilaumu mashine. Mviringo ule wa waya ni koili, na kwa mizunguko mingi koili huongeza ugumu wake ambao mita ya betri haiwezi kuuona. Tangu siku hiyo natumia kinzani zisizo na koili na kifaa maalumu cha kukagulia daitherimi.

Wewe unayekuja kufanyiwa upasuaji, oga, na asubuhi hiyo usipake mafuta popote. Vua pete, bangili, hereni na kipini. Ukiwa na kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo, chuma kwenye mfupa, au kovu kubwa pajani, sema mapema ili muuguzi achague mahali pengine pa kubandika. Mafuta yako mpe ndugu akutunzie. Utapaka ukirudi wodini.