Elephant Hill kwa mkimbiaji wa Nairobi: kazi yenyewe iko kwenye mianzi, wakati wa kushuka

Anayetoka Nairobi kwenda kukimbia Elephant Hill mara ya kwanza huogopa kupanda: pumzi, baridi, kilele kinachoonekana karibu halafu kisifikike. Hayo yote yapo. Lakini wanaorudi wakichechemea wengi wameumia kwenye ukanda wa mianzi, tena wakiteremka, kilele wameshakiacha nyuma na macho yamechoka. Kwa hiyo mimi hushauri njia hii ipangwe kuanzia mwisho. Ujue kwanza utashukaje, ndipo uamue utapanda kwa kasi gani.

Kilima kiko upande wa kusini wa safu ya milima ya Nyandarua (Aberdare), na safari inaanzia kituo cha misitu cha Njabini, Kinangop Kusini. Ukitumia matatu unapitia Fly-over kwenye barabara ya Nakuru. Kwenda na kurudi ni takriban kilomita 18, na unapanda kutoka kama mita 2,600 hadi karibu mita 3,600. Wakimbiaji wa milimani wana hesabu moja nzuri: kila mita 100 za kupanda zihesabu kama kilomita moja zaidi ya tambarare. Basi 18 ukijumlisha 10 unapata 28. Kama barabarani unakimbia kilomita kwa dakika sita, hizo 28 zinakupa saa mbili na dakika 48. Sasa zidisha kwa moja na nusu kwa ajili ya tope, na unafika saa nne na zaidi kidogo. Hayo ni makadirio ya mtu aliyejiandaa. Ondoka kituoni saa moja asubuhi, na ikifika saa sita mchana geuka, hata kama kilele unakiona. Mawingu hupenda kufunga alasiri, na ndani ya mianzi giza hutangulia jua kuzama.

Epuka Machi hadi Mei, na Oktoba hadi Desemba. Januari na Februari ndiyo miezi bora. Hata hivyo usitarajie njia kavu: jua haliingii kwenye mianzi, na tope la wiki iliyopita linakusubiri palepale.

Usiingie bila renja. Huu ni msitu wa ndovu na nyati, nao wanatumia njia hizohizo kwa sababu ndizo rahisi kupita. Mkimbiaji yuko hatarini kuliko mtembeaji: anakuja upesi, hana kelele, na kwenye kona anatokea mita tano mbele ya mnyama aliyeshtuka. Piga simu kituoni mapema, useme wazi kwamba mnakimbia, ili mpewe mtu anayeweza mwendo huo. Yeye ndiye anayeongoza. Spika za masikioni zibaki kwenye begi. Mkikuta mavi mabichi ya ndovu, yenye unyevu, kaeni pamoja, ongeeni kwa sauti na mtembee mpaka renja aseme endeleeni.

Sasa mianzi. Ukanda huu una mambo matatu yanayoangusha watu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni majani. Ni membamba na laini, yanalala tabaka juu ya tabaka kwenye udongo mfinyanzi uliolowa. Ukikanyaga, soli hushika jani vizuri kabisa, ila jani halijashika udongo. Ndiyo maana mguu unateleza hata mahali panapoonekana pakavu. Kanyaga kwenye tope tupu linalobonyea. Tope linalokumeza hadi kifundoni ni salama kuliko majani ya kando yake. Wageni hulikwepa tope kwa kupita pembeni, na pembeni ndiko kwenye majani na visiki.

Visiki ndilo jambo la pili. Mwanzi ukikatwa kwa panga hukatwa mshazari, ukabaki na ncha kama mkuki, mara nyingi kwa urefu wa kati ya kifundo na goti. Usiku wa mvua majani huvifunika. Hapa ndipo penye jeraha baya kabisa la njia hii, nami nalisisitiza kuliko ndovu: mtu huteleza, hukaa chini kwa nguvu, na kisiki kiko palepale. Ukiona utaanguka, legeza magoti uangukie ubavu kuelekea katikati ya njia. Usinyooshe mkono nyuma.

La tatu ni mkono wenyewe. Ukiteleza, mkono utakamata mwanzi bila kukuuliza. Mwanzi mkavu wa kijivu hukatika au hung'oka ukaja nawe. Mwanzi mchanga nao umevikwa ganda lenye vinyweleo vinavyowasha siku nzima. Kamata wa kijani uliokomaa, chini ya kiwiko chako, juu kidogo ya pingili. Nunua glavu za kazi zenye mpira kiganjani, zile za duka la hadwea. Zinashinda glavu yoyote ya michezo hapa, na zinakukinga pia na thabai, mmea wa kuwasha unaoota kando ya njia.

Raba zako ziwe na meno ya milimita 5 au 6, yaliyoachana. Meno yaliyobanana hujaa tope, na baada ya hatua ishirini unakimbia na soli bapa. Chukua raba inayozidi saizi yako kwa nusu saizi, kisha ufunge kisigino: pitisha kamba kwenye tundu la mwisho la upande uleule, itengeneze kitanzi, halafu vusha kamba ya upande wa pili ndani ya kitanzi hicho ndipo ukaze. Usipofanya hivyo, vidole vitagonga mbele kwa kilomita zote za kushuka, na kucha zitakuwa nyeusi kufikia Jumatatu. Raba zisizopitisha maji hazifai, kwa kuwa maji huingia kwa juu na hayatoki.

Miguu nayo inahitaji mazoezi ya aina yake. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki: inavuta huku ikirefushwa, na hilo huichana kidogokidogo. Msitu wa Karura ni pazuri kwa pumzi na kilomita, lakini miteremko yake ni mifupi mno kwa kazi hii. Nenda vilima vya Ngong, ukimbie mteremko mmoja mrefu mara sita hadi nane, hatua fupi za harakaharaka, macho mita tatu au nne mbele. Fanya hivyo wiki tatu kabla ya safari, kisha siku kumi kabla. Siku ya pili yake paja litauma sana, ila misuli ikishaumia mara moja hivyo hujikinga kwa wiki kadhaa. Asiye na nafasi ya Ngong ateremke ngazi za ploti yake, ghorofa tano, mara ishirini. Apande kwa kutembea.

Mianzi ikiisha, wapandaji wanapaita mahali pa kukata tamaa, kwa sababu ndipo unapoona kilele kilivyo mbali. Kuanzia hapo ni nyasi za vishungi na upepo. Hewa ya mita 3,600 ni pungufu ya ya Nairobi kwa karibu moja ya tano, na joto limeshuka kama nyuzi 12. Tembea panapopanda. Vaa koti la mvua kabla ya kusikia baridi, kwani jasho na upepo vikishakutana, kujipasha moto huku juu ni kazi kubwa. Beba lita mbili za maji, chumvi kidogo, na chakula cha kila nusu saa: nusu ndizi, au kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa. Begi liwe pia na blanketi la foili, filimbi na kurunzi ya kichwani. Milio sita ya filimbi kwa dakika moja, kisha kimya dakika moja, ndiyo ishara ya kuomba msaada. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kikaja, teremka saa hiyohiyo.

Kabla ya kuingia tena kwenye mianzi, simama dakika tano. Kula, kaza kamba, vaa glavu. Acheni nafasi ya mita tano kati ya mtu na mtu ili anayeteleza asimzoe mwenzake, na aliyechoka zaidi awe nyuma ya renja, si mwisho.

Mkifika kituoni, jiandikisheni kwamba wote mmetoka. Raba zioshe jioni hiyohiyo kwa maji baridi na brashi, toa soli ya ndani, jaza magazeti, uanike kivulini. Jua kali hulegeza gundi, na soli itakuachia kwenye tope la safari ijayo.