Kukata ulimi hakumfanyi mtoto aseme

Mtoto akitimiza miaka 2 bila kusema, hakosi mtu wa kudai kwamba ulimi wake "umeshikwa", apelekwe akakatwe. Ni kweli kwamba utando wa chini ya ulimi ukiwa mfupi sana unaweza kumsumbua mtoto kunyonya, na baadaye kutamka l, r au th. Lakini hauzuii maneno kuja. Mtoto wa namna hiyo bado husema "mama" na "baba", maana m na b ni kazi ya midomo.

Asiyesema apimwe masikio kwanza, tena kwa vifaa, hospitalini. Kushtuka mlango ukibamizwa si ushahidi: anaweza kusikia kishindo na asisikie s wala f. Usingoje ikiwa hana neno hata moja akiwa na miezi 18, au haungi maneno mawili akiwa na miaka 2. Wembe wa mtaani unaweza kuleta damu nyingi na maambukizi, na kimya kikabaki palepale.

Nyumbani, ongeza neno moja juu ya lake. Akisema "maji", jibu "maji baridi", kisha nyamaza sekunde 5 hadi 10 umtazame usoni. Watu wazima wengi huliziba pengo hilo haraka mno.