Ganda linarefuka kila ukijaza? Kabla hujakata, pima bega

Swali ninaloulizwa sana na wanaojaza risasi zao wenyewe ni hili: maganda ya .308 (aina ya risasi ya bunduki ndefu) yanarefuka kila nikipiga, nakata, nikipiga tena yamerefuka tena, shida nini? Sasa wengi wanakimbilia kukata tu. Kukata ni lazima sikatai, .308 Winchester haitakiwi kuzidi milimita 51.18 na wengi tunaishusha mpaka 50.93, maana mdomo ukizidi unagota mwisho wa chemba (pale risasi inapokaa ndani ya mtutu) unabana kichwa cha risasi kishindwe kutoka vizuri na presha inapanda vibaya. Ila jiulize hiyo shaba unayoikata imetoka wapi. Imetoka kwenye ukuta wa ganda juu kidogo ya kitako, na kukata mdomo hakurudishi unene uliopotea kule chini.

Inavyokuwa ni hivi, pini ikigonga fataki (kile kiwashio kidogo kitakoni) ganda zima linasukumwa mbele, baruti ikiwaka kuta za mbele ambazo ni nyembamba zinavimba na kung'ang'ania chemba, kitako kwa kuwa ni kinene hakishiki popote, kinasukumwa nyuma mpaka kigonge boliti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma. Hapo katikati ndipo shaba inapovutika. Ukirudi kwenye presi ya kujazia, dai (kalibu ya chuma inayorudisha ganda kwenye umbo lake) ikibana mwili wa ganda shaba inapanda juu shingoni, ndio ule urefu unaousoma kwenye kalipa.

Nafasi ya kitako kurudi nyuma mara nyingi inaletwa na dai iliyofungwa chini mno. Yale maelekezo ya kwenye boksi, shusha mpaka iguse kishikio cha ganda kisha ongeza robo mzunguko, yameandikwa ili risasi iingie kwenye bunduki yoyote ile, chemba yako hawaijui. Wewe chukua ganda lililopigwa kwenye bunduki yako hiyohiyo, toa fataki, pima kitako mpaka bega (pale ganda linapopungua kuingia shingoni) kwa geji ya bega, halafu fungua dai juu na uishushe kidogokidogo mpaka bega lirudi kama milimita 0.05 tu, kwa semi-otomatiki mpe 0.08 hadi 0.1 ili ifunge bila kusumbua. Kisha funga nati usiiguse tena.

Kama bega liko sawa na bado urefu unakimbia, angalia kile kitufe cha kupanulia shingo ndani ya dai. Kikipita kikavu wakati unashusha ganda unakisikia kabisa mkononi, kinalia na presi inakuwa nzito, hapo kinavuta shingo na hata bega kwenda mbele. Kitoe, bana maganda machache bila hicho kitufe, pima. Tofauti ikiwa kubwa mchawi umempata, paka mafuta kidogo ndani ya shingo, au tumia pini ya kupanulia peke yake kama hatua tofauti.

Risasi za .303 British na magnum zenye mkanda (pete nene karibu na kitako) zina lao jambo. Zile zinajishikiza kwa ukingo au mkanda, bega linaachiwa nafasi kubwa, kwa hiyo mpigo wa kwanza zinavutika sana hata kama hujakosea kitu, na Lee-Enfield boliti yake inafungia nyuma kwa hiyo inanepa kidogo pia. Baada ya mpigo wa kwanza dai irekebishe kwa bega, usahau habari ya mkanda.

Maganda ambayo tayari yamevutika utayajua. Nje unaona pete inayong'aa kama sentimita moja juu ya kitako, ila hiyo inadanganya, dai nayo inaacha alama karibu na hapo. Chukua waya wa klipu ya karatasi, inoe ncha uikunje iwe kama ndoano, ingiza mpaka chini kisha ivute juu taratibu ikikwaruza ukuta. Ikidumbukia kwenye mfereji, ganda hilo limekwisha, likipigwa tena linaweza kukatika vipande viwili ndani ya chemba na gesi ikarudi usoni kwako. Na wenzake waliopigwa mara zilezile kwa dai ileile yakague yote kwa waya, ukikuta la pili lina mfereji usiendelee kuchambua, ponda fungu zima ulitupe.