Dukani au mtandaoni? Uliza kwanza nani atakagua mzigo

Watu wanaojua kwamba kazi yangu ni kupanga maghala na usambazaji wa bidhaa za rejareja huniuliza: ninunue dukani au mtandaoni, wapi kuna nafuu? Huwa siwajibu mpaka nijue wanataka kununua nini. Betri ya saa ya ukutani na viatu vya kukimbilia haviwezi kuwa na jibu moja, hata kama vyote viwili vinauzwa na mfanyabiashara yuleyule kwa bei ileile pande zote.

Kila ununuzi una kazi ndani yake, na kazi hizo hazipotei kwa sababu umehamia kwenye simu. Lazima mtu aitafute bidhaa kati ya nyingine nyingi. Lazima aikague, aitoe kwenye rafu, aibebe hadi nyumbani, na ikionekana haifai, airudishe. Duka na mtandao hutofautiana katika namna ya kugawa kazi hizo kati yako na muuzaji, na katika ipi inatangulia malipo na ipi inayafuata. Ukilielewa hilo, mabishano mengi kuhusu jambo hili yanakwisha.

Mgawanyo huu uliwahi kubadilika hata kabla ya intaneti. Zamani mteja alisimama mbele ya kaunta, akataja anachotaka, na muuzaji akakitoa, akakipima na kukifunga. Mwaka 1916 Clarence Saunders alifungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambamo wateja walishika vikapu na kujichukulia wenyewe. Kazi ya kutoa bidhaa kwenye rafu ikamtoka mwajiriwa anayelipwa ikamwangukia mteja asiyelipwa, na gharama za kuendesha duka zikapungua. Leo tumeizoea kiasi kwamba hatuioni tena kuwa ni kazi. Mtandao umeirudisha kaunta: unataja unachotaka, na mtu mwingine ghalani anakwenda kukitafuta. Mtu huyo analipwa mshahara.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtandaoni bei ni nafuu kwa sababu "hawana duka". Wana ghala, wana wanaokusanya oda, wanaofunga, maboksi, magari, madereva, na kitengo kizima cha kupokea mizigo inayorudishwa. Nafuu yao ya kweli iko kwingine, na wanunuzi wachache huifahamu: ni kuweka akiba ya bidhaa mahali pamoja. Maduka kumi yakitaka kuuza koti moja, kila duka lazima liwe na saizi zote na rangi zote, kwa sababu hakuna ajuaye ni duka gani litaulizwa saizi ipi. Duka moja litaishiwa saizi ya kati huku jingine limebaki na rundo lake. Ghala moja likihudumia wateja wa maduka yote kumi, upungufu wa hapa unafidiwa na ziada ya pale, na jumla ya makoti yanayohitajika kukaa yakisubiri inakuwa ndogo. Faida hiyo huwa kubwa zaidi kwa vitu vinavyoulizwa mara chache: kitasa cha mlango wa mashine ya kufulia ya miaka iliyopita, kiatu cha saizi isiyo ya kawaida, kitabu cha fani nyembamba. Hakuna duka la mtaani linaloweza kulipia pango la rafu ili kitu kama hicho kikae miezi kikimngoja mtu mmoja. Kwa vitu hivi nenda mtandaoni bila kusita.

Sasa upande wa kubeba. Mzigo unapotoka kiwandani hadi dukani, maelfu ya bidhaa hugawana gharama ya lori moja. Kipande cha mwisho cha safari, hadi mlangoni kwako, hakina mgao wa namna hiyo. Gari linasimama kwa ajili ya kifurushi kimoja, na kama haupo nyumbani linarudi tena. Isitoshe, kampuni za usafirishaji hazitozi kwa uzito wa mizani peke yake. Hutumia pia uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, kisha unagawa, mara nyingi kwa 5,000, na jibu linachukuliwa kuwa kilo. Chukua mto wa kulalia kwenye boksi la sentimita 50 kwa 40 kwa 30. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 60,000. Ukigawa kwa 5,000 unapata kilo 12. Mto wenyewe haufiki hata kilo mbili, lakini utalipiwa kama kilo 12. Kwa hiyo ukiona kitu kikubwa na chepesi kinatangazwa kwa "usafirishaji bure", jua nauli imo ndani ya bei, au imo kwenye kiwango cha chini cha oda kinachokufanya uongeze vitu usivyovihitaji.

Hata hivyo kuna watu ambao kazi ya kubeba ndiyo kizuizi chao kikuu, na nisingependa wasahaulike. Mwaka 1984, mjini Gateshead, Uingereza, bibi wa miaka 72 aitwaye Jane Snowball aliagiza mahitaji ya nyumbani kwa rimoti ya televisheni yake, kupitia mfumo uliotokana na kazi ya mvumbuzi Michael Aldrich. Mpango ule ulilenga kuwasaidia wazee na watu wasioweza kutembea kwa urahisi. Yaani miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kununua kwa njia ya mtandao ni wale ambao njia ya dukani ilikuwa imewaelemea. Mtu akiniambia ununuzi wa mtandaoni ni uvivu, humkumbusha hilo.

Lakini kazi iliyo nzito kuliko zote ni ukaguzi, na hapo ndipo ninapowaomba watu wawe waangalifu. Mwaka 1970 mwanauchumi Phillip Nelson alitenganisha bidhaa ambazo ubora wake unaweza kujulikana kabla ya kununua na zile ambazo hujulikana baada ya kuzitumia. Mwaka huohuo George Akerlof, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya 2001, alitumia mfano wa magari yaliyotumika kuonyesha kwamba pale muuzaji anapojua mengi kuliko mnunuzi, mnunuzi huogopa kulipa bei ya kitu kizuri, wenye vitu vizuri hujitoa, na soko hubaki na vibovu. Dukani, macho na vidole vyako hupunguza pengo hilo. Mtandaoni umelipa kabla hujagusa.

Kwa hiyo jiulize: je, kitu hiki kinaelezeka chote kwa namba? Wino wa printa una namba ya modeli. Waya una urefu na aina ya kichwa. Vitu hivyo picha na maelezo vinatosha, na kuvifuata dukani ni kujichosha. Kiatu si hivyo. Saizi iliyoandikwa haikuambii upana wa mguu wala kiatu kinavyobana kisiginoni. Godoro, fremu ya miwani, manukato, kiti cha kukalia siku nzima kazini: vyote hivi vinapimwa na mwili, na mwili hauko kwenye skrini. Kitambaa nacho hudanganya sana pichani, kwa sababu kamera haionyeshi uzito wake wala kitakavyoanguka mabegani.

Masoko ya mtandaoni yamebuni mbadala wa ukaguzi, na baadhi ni mzuri. Ninaouthamini zaidi ni wa kushikilia fedha. Alipay, huduma ya malipo iliyoanza mwaka 2004 kuwahudumia wanunuzi wa soko la mtandaoni la Taobao nchini China, iliishika pesa ya mnunuzi na kumkabidhi muuzaji baada ya mnunuzi kuthibitisha kwamba mzigo umefika sawasawa. Hapo haki ya kukagua kabla ya kulipa inarudi kwa mlango wa nyuma. Kulipa baada ya kupokea mzigo kunaelekea hukohuko, mradi uruhusiwe kufungua boksi kabla ya kutoa pesa. Usiporuhusiwa, hakuna ulichokagua isipokuwa karatasi ya nje.

Maoni ya wateja ni mbadala dhaifu zaidi. Marekani ilibidi itunge kanuni, iliyoanza kutumika Oktoba 2024, ya kupiga marufuku kuuza na kununua maoni ya uongo, na jambo linalohitaji kanuni ya namna hiyo si dogo. Mimi husoma maoni ya nyota mbili na tatu kwanza. Waandishi wake kwa kawaida walitaka kukipenda kitu wakashindwa, na hueleza kwa nini. Tazama pia jina la muuzaji. Jina kubwa lililo juu ya ukurasa mara nyingi ni la mwenye soko. Anayekuuzia ni mtu mwingine kabisa aliyepanga nafasi humo, na waranti na kurudisha mzigo vinaweza kutegemea masharti yake yeye.

Mbadala wa mwisho ni haki ya kurudisha. Katika Umoja wa Ulaya, aliyenunua kwa mtandao ana siku 14 tangu apokee mzigo za kughairi bila kutoa sababu. Aliyenunua dukani hana haki hiyo kisheria kwa sababu tu amebadili mawazo. Duka likimkubalia ni hisani yake. (Kitu kibovu ni habari nyingine, hicho kina haki zake popote kiliponunuliwa.) Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati: sheria inatambua kwamba mnunuzi wa mtandaoni hakupata nafasi ya kukagua, basi inampa nafasi hiyo baadaye. Kuna vitu havimo, kama vilivyotengenezwa kwa vipimo vyako au vilivyofungwa kwa ajili ya usafi vikishafunguliwa. Mahali pasipo na sheria kama hiyo, ukurasa wa masharti ya kurudisha ndio ukaguzi wako wote, na unastahili kusomwa kabla ya bei.

Nimeona kinachotokea upande wa pili wa haki hiyo, na kinaniuma. Gauni lililorudishwa halirudi moja kwa moja kwenye rafu. Linafunguliwa, linakaguliwa doa na harufu, linapangwa daraja, linakunjwa, linafungwa upya na kuwekewa lebo mpya. Kazi hiyo ni ya mikono, gauni moja baada ya jingine, na ni ya polepole kuliko kulituma. Mpaka imalizike, msimu wake pengine umepita. Baadhi ya mizigo huuzwa kwa mafungu kwa bei ya kutupa, na kwa vitu vya bei ndogo gharama ya kuvishughulikia huizidi thamani yake, ndipo kuviharibu huonekana nafuu. Ufaransa ilipitisha sheria mwaka 2020 kuzuia kuharibu bidhaa mpya zisizouzwa, na kwa maoni yangu nchi nyingine zilichelewa. Kwa hiyo tabia ya kuagiza saizi tatu kwa nia ya kurudisha mbili siipendi, ingawa ninaielewa. Tumegeuza chumba cha kulala kuwa chumba cha kujaribia nguo, na gharama yake inagawanywa kwenye bei za wote, wakiwemo wasiorudisha chochote.

Na kinyume chake kipo. Mtu anaingia dukani, anajaribu viatu jozi baada ya jozi, mhudumu anampigia magoti, kisha anatoka na kuagiza kwingine kwa bei pungufu kidogo. Duka limefanya kazi ya ukaguzi, mwingine kalipwa. Sisemi hilo peke yake linafunga maduka. Madeni, pango na janga la korona vilichangia sana. Lakini Debenhams ya Uingereza, iliyoanza karne ya 18, ilifunga maduka yake ya mwisho Mei 2021, na jina lake likanunuliwa na muuzaji wa mtandaoni. Mapema mwaka huo mauzo ya mtandaoni nchini humo yalikuwa zaidi ya theluthi moja ya rejareja yote, kutoka takriban moja ya tano kabla ya janga. Baadaye yakashuka hadi kama robo hivi. Milango ilipofunguliwa, sehemu ya wanunuzi ilirudi madukani.

Kwa nguo na viatu, njia ninayowashauri watu ni kuagiza mtandaoni na kuchukua dukani, pale muuzaji anapoitoa. Unapata saizi zote za ghala, mzigo unasafiri kwenye lori linalokwenda dukani kwa vyovyote, unajaribu palepale, na kisichofaa unakiacha kaunta kabla hakijapita mlango wa kwako. Kabla ya kulipa ulizia mambo mawili: mzigo utatunzwa dukani siku ngapi, na ukikataa bidhaa pesa inarudi papo hapo au inasubiri uthibitisho wa ghala. Jibu la pili likiwa ni kusubiri ghala, omba risiti ya kurudisha yenye tarehe kabla hujaondoka kaunta.