Unataka kuachana na miwani kwa leza? Soma hii kwanza

Hiyo leza inafanya nini hasa?
Inachonga konea, yani kile kioo cha mbele ya jicho. Kwa Lasik, aina moja ya upasuaji huo wa leza, daktari anakata utando mwembamba wa juu wa konea, anaufunua kama ukurasa wa daftari, leza inapiga sekunde chache tu, kisha anaurudishia. Hulali, unatiwa matone ya ganzi, na wengi kesho yake wanasoma saa ya ukutani bila miwani, hapo siwezi kuwanyima madaktari sifa yao.

Ndo dawa ya mtoto wa jicho?
Hapana. Ule ni ukungu kwenye lenzi ya ndani, lenzi inatolewa inawekwa ya bandia.

Hasara zake je?
Macho kukauka, yanakwaruza kama yana mchanga, mara nyingi ni miezi ya mwanzo ila wapo yanaowakaa muda mrefu. Usiku taa za magari unaziona na duara kuzizunguka, kwa hiyo dereva wa safari za usiku afikirie mara mbili. Na konea ikishachongwa hairudi.

Nina aleji, nafikicha macho toka utotoni, nafaa?
Hapa naomba unisikilize vizuri maana huku kwetu watoto wenye aleji ya macho ni wengi sana, wanafikicha mpaka macho yanakuwa mekundu, na kufikicha huko kunaweza kuendana na ugonjwa wa keratokonasi, konea inakuwa nyembamba halafu inachongoka kwa mbele kama pia, sasa ukiipiga leza unaidhoofisha zaidi na uoni unaweza kuharibika vibaya hata miwani isisaidie. Kwa hiyo kabla hujauliza bei uliza kama watapima unene na umbo la konea, na kama hawana hicho kipimo ondoka, tafadhali.

Nina miaka 45, ntaacha miwani ya kusomea?
Kwa kawaida hapana, shida hiyo ya kusoma inatokana na lenzi ya ndani kukakamaa kwa umri. Walio chini ya miaka 18, wajawazito, wanaonyonyesha na ambao namba ya miwani bado inabadilika nao wasubiri.

Nikishafanya?
Usifikiche kabisa, tia matone kama ulivyoelekezwa. Omba kopi ya vipimo vya kabla uitunze, uzeeni ukija kutolewa mtoto wa jicho daktari ataihitaji kukokotoa namba ya lenzi.