Sindano, dripu na ushahidi: dhana tunazobeba hadi wodini

"Sindano ina nguvu kuliko dawa ya kumeza." Hili utalisikia kwenye foleni ya kliniki yoyote Nairobi, kuanzia Dandora hadi Kawangware. Mtoto anahema mbiombio, kifua kinabonyea kila akivuta pumzi, dalili za nimonia, halafu daktari anaandika amoksisilini, dawa ya kuua bakteria, vile vidonge vya kuyeyusha kwenye kijiko cha maji. Mama anatoka amekunja uso: nauli ya matatu kwenda na kurudi, siku nzima benchini, mwisho wa yote vidonge!

Zamani kweli mtoto huyo angelazwa na kudungwa penisilini. Lakini majaribio ya nchi mbalimbali yalipokusanywa na kupimwa kwa pamoja, kazi inayoitwa mapitio ya kimfumo, ilibainika kwamba waliomeza amoksisilini hawakuwa nyuma ya waliodungwa. Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake mwaka 2013. Kenya haikunakili tu. Ilifanya jaribio lake katika hospitali za hapa, matokeo yakatoka 2015, na mwongozo wa kitaifa wa 2016 ukafuata. Mtoto asiyeweza kunywa, mwenye degedege au aliyepungukiwa na oksijeni bado hulazwa na kudungwa, na mzazi asikubali kurudishwa nyumbani naye.

"Mapitio ya kimfumo ni muhtasari wa tafiti tu." Mwandishi wa muhtasari anaweza kuchagua tafiti zinazompendeza. Katika mapitio ya kimfumo, swali huandikwa kabla ya kazi kuanza, pamoja na kanuni za utafiti upi uingie na upi uachwe. Watu wawili huchuja tafiti hizo, kila mmoja kivyake, kisha hulinganisha maamuzi yao. Ubora wa kila jaribio nao hupimwa kabla matokeo hayajajumlishwa. Sehemu kubwa ya kazi, ukiniuliza, ni kusoma vitu ambavyo hatimaye vitatupwa.

"Huo ni ushahidi wa wazungu, hautuhusu." Hapa sina haraka ya kumkosoa anayesema hivi, maana ana hoja. Chukua sindano ya steroidi anayopewa mama mwenye uchungu kabla ya wakati, ili mapafu ya mtoto yakomae. Jaribio la kwanza lilitoka New Zealand mwaka 1972. Yakafuata mengine, mengi yakiwa madogo mno kutoa jibu likiwa peke yake. Yalipounganishwa, ikaonekana wazi kwamba watoto wengi zaidi walinusurika. Mchoro wa majaribio hayo ndio ulioingia kwenye nembo ya Cochrane, mtandao wa wafanya mapitio ulioanzishwa 1993.

Kisha mwaka 2015 likatoka jaribio kubwa la nchi sita, Kenya ikiwemo, ambapo sindano hiyo ilisambazwa hadi vituo vidogo vya afya. Vifo vya watoto wachanga kwa jumla havikupungua, viliongezeka. Je, wazungu walitudanganya? Jibu lilikuja 2020, katika jaribio lililofanywa hospitalini Kenya, Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh. Umri wa mimba ulithibitishwa kwa skani, na watoto walikuwa na huduma ya kutosha. Vifo vilipungua. Dawa ni ileile; tofauti ilikuwa nani anapewa, na mtoto anazaliwa mahali penye nini. Mapitio mazuri huuliza hayo pia, na hufanywa upya ushahidi mpya unapoingia.

"Daktari mzoefu hahitaji makaratasi." Wazoefu ndio waliokuwa wakiwamiminia dripu ya haraka watoto wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu, kwa nia njema kabisa. Mwaka 2011 jaribio la watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania likaonyesha kwamba ndani ya saa 48, kati ya kila 100 waliomiminiwa maji walifariki kama 10 au 11; kwa wasiomiminiwa, kama 7. Watoto wenye kuhara hawakuwemo katika jaribio hilo, na kwao maji bado ni tiba. Hakuna jicho la daktari mmoja ambalo lingeiona tofauti hiyo kwa kuzunguka wodini.

"Mwongozo ukishatoka, huduma imeboreka." Laiti ingekuwa hivyo. Kenya ina kijitabu cha tiba ya watoto, kinachotosha mfuko wa koti jeupe. Katika utafiti wa hospitali nane za wilaya uliochapishwa 2011, zote zilipata miongozo na mafunzo. Nne ziliongezewa mtu wa hapo hapo wa kuwasukuma wenzake, usimamizi, na mrejesho wa ana kwa ana kuhusu jinsi wanavyofanya. Hizo nne ndizo zilizopiga hatua kubwa zaidi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama ushahidi umefika wodini, usiangalie bango ukutani. Fungua faili la mtoto uone: uzito umeandikwa? Dawa imepigiwa hesabu kwa kilo? Oksijeni imepimwa, au sehemu hiyo ya fomu imeachwa tupu?