Kijana ambaye chuo hakimjui yumo kwenye daftari la kikundi

Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mbalamwezi ikiwa kali. Dagaa hufuata taa, na mwezi mpevu ukishawaka, taa ya mtumbwini haivuti kitu. Siku hizo mialo ya Ukerewe, Kome na Maisome, visiwa vya Ziwa Victoria, hupumzika: nyavu zinashonwa, mashine zinafunguliwa, madeni yanalipwa, vikundi vya hisa, vya kuweka akiba na kukopeshana, vinakaa vikao.

Naanza na mwezi kwa sababu uliwahi kutushinda. Nilipoanza kazi ya udahili katika chuo kimoja hapa Mwanza, ziara za visiwani tulizipanga kwa kalenda ya ofisi. Tulishuka mwaloni na bango, vipeperushi na kipaza sauti katikati ya siku za giza, msimu wa kazi. Vijana walikuwa wamerudi alfajiri, wamelala. Akina mama walikuwa vichanjani wakigeuza dagaa. Waliotusikiliza ni watoto wa shule ya msingi. Tukarudi bila fomu hata moja, na ripoti yetu ikasema mwamko wa elimu kisiwani ni mdogo. Ripoti ile haikuwa ya kweli. Tuliwasingizia watu waliokuwa kazini.

Aliyetuelekeza ni mama mmoja mchuuzi aliyekuwa akileta magunia ya dagaa Mwaloni Kirumba. "Njooni mbalamwezi," alituambia, "siku ya kikao chetu."

Kikao kilikuwa chini ya mwembe. Sanduku la chuma lilifunguliwa mbele ya wote, kufuli tatu, kila ufunguo na mtu wake. Hisa zikanunuliwa, vitabu vikagongwa mihuri, mfuko wa jamii ukahesabiwa kwa sauti. Ndipo mwenyekiti akatupa nafasi. Tulikuwa tumejiandaa kuhutubia, lakini tukauliza swali moja tu: kwenye kaya za wanachama, ni kijana gani amemaliza kidato cha nne na hajaenda popote? Katibu akafungua daftari, akaanza kusoma mwanachama mmoja baada ya mwingine. Kila jina likisomwa, mtu anaitikia. Wangu yuko kambini. Wangu yuko Nansio, anauza genge. Wangu alijifungua, yupo nyumbani. Wa marehemu dada yangu, yule mwenye ualbino, anakaa na bibi yake. Vijana walizidi kumi, na kikundi chenyewe hakikufika watu thelathini. Hakuna tangazo la redio ambalo lingetufikisha kwa vijana wale.

Tangazo humfikia aliyekwisha kuamini kwamba chuo ni cha watu kama yeye. Anayeamini hakimhusu hata kipeperushi hasomi. Huyo atafikiwa na mtu anayemjua kwa jina, anayejua mama yake ana mkopo gani, na ambaye akimwambia "nenda" anasikilizwa. Ndiyo maana chuo kinachotaka kuwapata vijana wa visiwani, wasichana waliojifungua, watoto wa kaya maskini na wenye ulemavu hakina budi kuanzia kwenye vikundi.

Siku ile tuligundua jambo jingine. Wazazi wengi waliamini daraja la nne ndio mwisho wa masomo. Sivyo. Sifa ya chini ya kuingia astashahada katika vyuo vinavyosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika mtihani wa kidato cha nne. D nne zinatosha kwa fani nyingi, ingawa za afya na baadhi ya za uhandisi hudai masomo ya sayansi yaliyotajwa. Aliyeishia darasa la saba ana fani za kusomea VETA, mamlaka ya ufundi stadi, na katika vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Malya na Sengerema. Mpango wa vyuo hivi ulianza mwaka 1975 kwa ajili ya watu kama yeye. Na fundi wa mashine za boti aliyejifunzia kazi mwaloni anaweza kupimwa na VETA akapewa cheti kwa ujuzi alionao tayari. Afisa udahili asiyekuwa radhi kumwelekeza kijana kwenye chuo kisicho chake hatadumu na kikundi. Ukija kutafuta idadi ya kujaza madarasa, watu wanakujua mapema.

Vikundi havifanani. Kwangu mimi, vikundi vya hisa vya akina mama ndivyo vya kuanza navyo, kwa kuwa vina nidhamu ya vikao na vinajua hali ya fedha ya kila kaya. BMU, vikundi vya usimamizi wa mialo, wana orodha ya wavuvi, hivyo kijana aliyehamia kambini kutoka wilaya nyingine watakwambia yuko mtumbwi gani na kwa tajiri yupi, yaani mwenye mtumbwi. Upande wa nchi kavu, Magu, Kwimba na Misungwi, usiwapite basumba batale, viongozi wa vijana wa Kisukuma wanaoitwa kazi za pamoja zinapoitishwa. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Kisukuma, baada ya mavuno hukusanya watu ambao mkutano wa hadhara hauwapati. Manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo, akikubali kulitia jambo lako kwenye wimbo wake, limefika. Lakini uende kumwomba kabla ya msimu, kwa heshima yake, na wimbo abaki nao yeye.

Kwa vijana wenye ulemavu, nenda kwenye vyama vyao: SHIVYAWATA (shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu), Chama cha Watu wenye Ualbino na vinginevyo. Wao ndio waliotufundisha kwamba watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na kwamba fomu yetu ya herufi ndogo ilikuwa inawarudisha kabla hawajafika getini. Tukakuza herufi. Wakatuuliza pia kwa nini foleni ya usajili inapangwa juani. Hatukuwa na jibu; tukaihamishia barazani.

Sasa makubaliano yenyewe. Kikundi kisifanywe mpiga debe. Mpiga debe hulipwa kwa kichwa, na gari likishaondoka hana habari abiria wamefika wapi. Chuo kinapomlipa wakala kwa kila mwanafunzi, kinanunua hatari ileile: kijana anaahidiwa hosteli isiyokuwepo, anapelekwa fani asiyoitaka, muhula wa kwanza haujaisha amerudi nyumbani na deni. Kilipeni kikundi kwa kazi: nauli, chakula cha siku, vocha ya simu, kiasi kikiwa kimeandikwa kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili, pande zote zimesaini na nakala ipo kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata. Kisha kipeni kikundi sauti yenye uzito. Sifa za udahili haziguswi, lakini nani apangiwe hosteli kwanza, nani apunguziwe ada pale chuo kinapokuwa na uwezo, kikundi kinaweza kupendekeza kwa haki kuliko kamati iliyokaa mjini na makaratasi.

Gharama zitajwe zote siku ya kwanza. Ada peke yake haitoshi. Kuna hosteli au chumba cha kupanga, chakula, sare, vifaa vya mafunzo kwa vitendo, bima ya afya, nauli ya kurudi nyumbani. Halafu tazama mwaka wa kikundi. Vikundi vingi vya hisa huvunja mzunguko, yaani hugawana akiba, mwishoni mwa mwaka ili mgao uwahi shule kufunguliwa Januari, wakati ada ya kwanza ya vyuo vingi hudaiwa Septemba au Oktoba. Fedha ipo, ila inakuja miezi mitatu baadaye. Mhasibu akikubali awamu nne badala ya mbili, na moja ikaangukia baada ya mgao, kijana anabaki darasani. Kwa baadhi ya fani za kipaumbele, mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, sasa unatolewa hata kwa stashahada, tangu mwaka wa masomo 2023/24, na kaya zilizo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, zinaangaliwa kwa namna ya pekee. Visiwani habari hii wengi hawanayo.

Nyaraka ndizo zinazoangusha wengi kimyakimya. Cheti cha kuzaliwa, au cha kifo cha mzazi, lazima kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kuomba mkopo, na kijana aliyezaliwa kisiwani huenda ana kadi ya kliniki tu. Cheti kianze kufuatiliwa akiwa kidato cha tatu. Kuna na suala la steshenari. Kijana asiye na simu janja hujaziwa maombi na mwenye steshenari, ambaye kwa kuharakisha huweka namba yake mwenyewe na nywila yake mwenyewe. Majibu yanatoka, ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu aliyekwisha kumsahau, muda wa kuthibitisha unapita. Kikundi kikiwa na laini moja ya simu ya pamoja kwa ajili ya maombi, na katibu akaandika nywila zote kwenye daftari linalofungiwa ndani ya sanduku, shida hii inakwisha.

Majina lakini si mali ya kikundi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kwa adabu ya kawaida, kijana aulizwe kwanza kabla jina, namba au hali yake ya afya haijapelekwa chuoni. Aliye chini ya miaka 18 aulizwe pamoja na mzazi au mlezi. Binti aliyejifungua hapendi kuwa mfano kwenye mkutano.

Na kila utaratibu mpya upimwe kwa kuuliza unamwacha nani. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililopitishwa huku huku kandokando ya ziwa, lilitaka mtu afanye kazi kwanza ndipo aingie chuo kikuu, akiwa na pendekezo la wanaomfahamu. Kusikiliza wanaomfahamu mwombaji kulikuwa na busara. Lakini idadi ya wanawake ilishuka, ikabidi wao waruhusiwe kwenda moja kwa moja kutoka shuleni. Nasi tukitaka kijana asindikizwe na mzazi siku ya usaili, tumewaacha yatima. Tukiweka mafunzo ya utangulizi ya kulala chuoni bila mahali pa mtoto, tumewaacha akina mama wadogo, ilhali serikali iliwafungulia mlango wa kurudi shuleni Novemba 2021. Baadhi ya vyuo vya maendeleo ya wananchi vina vituo vya kulelea watoto wa wanafunzi wake. Vyuo vingine viende kuona vinavyoendeshwa.

Kijana akishafika, asiwe peke yake. Marekani kuna taasisi iitwayo Posse Foundation, iliyoanza mwaka 1989, ambayo huwapeleka vijana chuoni wakiwa kundi linalofahamiana, wakategemezana. Sisi kundi hilo tunalo tayari: vijana wanne wa mwalo mmoja wakipangwa hosteli moja, mmoja akiugua wenzake wanajua nani wa kupigiwa. Kikundi kiteue mlezi wa kuwapigia simu kila mwezi, na chuo kimpe mlezi huyo namba ya mtu mmoja mwenye jina, anayepokea. Wengi huacha muhula wa kwanza, tena kwa tatizo la siku mbili ambalo simu moja ingelimaliza.

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba, matokeo hutoka Januari. Kufikia udahili unapofunguliwa, kijana wa mwaloni ameshapata tajiri na ameshazoea kushika fedha yake. Kwa hiyo kikao cha kwanza kiwe Desemba, mbalamwezi. Chuo kije na fomu ya herufi kubwa, orodha ya gharama zote, na mtu wa kusikiliza. Wewe mwanakikundi usisubiri chuo kije. Kikao kijacho, sanduku likishafungwa, mwombe katibu afungue daftari aulize lile swali, kaya kwa kaya. Hesabuni vijana wenu, kisha pelekeni idadi hiyo bila majina kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata au ofisi ya udahili ya chuo kilicho karibu, na muwaambie siku ya kikao kinachofuata.